Bafu la Wageni Lisiwe Aibu ya Nyumba

(Mada iliyotolewa kwa akina mama, wazee wa kanisa na watunza nyumba za wageni, Kumsenga, wilayani Kibondo)



Mada yetu ni harufu mbaya inayotoka kwenye tundu la bafu lisilotumika mara kwa mara. Pengine wengine mtaona ni jambo dogo. Lakini katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23 wana wa Israeli waliagizwa kutenga mahali pa haja nje ya kambi, na kubeba kitu cha kuchimbia ili wafukie uchafu wao. Kwa hiyo maji taka si mada ngeni kwa watu wa imani.

Siku hizi watu wanaojenga nyumba za matofali ya kuchoma, tangu Kasulu hadi huku kwetu, hupenda kuweka bafu ndani. Hata hivyo wenye nyumba wengi huendelea kuoga kwa ndoo kwenye bafu la uani. Bafu la ndani linamsubiri mgeni: mchungaji, mkwe, au mtoto anayerudi kutoka shule ya bweni. Linaweza kukaa miezi miwili bila kuingia tone la maji. Siku mgeni anapofika, mlango unafunguliwa na harufu inampokea kabla ya mwenyeji. Mama wa nyumba anadhaniwa kuwa mchafu, kumbe sakafu ameisugua asubuhi hiyo hiyo.

Chanzo ni nini?

Chini ya tundu la bafu, bomba lililofungwa vizuri huwa na sehemu iliyopinda, ambayo mafundi huiita trapu. Kila mtu anapooga, maji kidogo hubaki pale kwenye pindo. Maji hayo ndiyo mlango. Maji taka hupita kwenda shimoni, lakini hewa ya shimo haiwezi kurudi ndani. Ufundi huu ni wa zamani: mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengeneza saa Mskoti aliyeishi London, alipewa hataza ya choo chenye bomba lililopinda namna hiyo.

Bafu lisipotumika, maji ya trapu hukauka taratibu. Katika kiangazi chetu, tangu Juni hadi Septemba, hukauka upesi zaidi. Yakikauka, nyumba inakuwa imeunganishwa moja kwa moja na shimo la maji taka. Hata ukideki mara tatu kwa siku, harufu haitaondoka, kwa sababu haitoki sakafuni.

Ni zaidi ya harufu

Mwaka 2003, katika majengo ya ghorofa ya Amoy Gardens huko Hong Kong, watu zaidi ya 300 walipata ugonjwa wa SARS. Wachunguzi walieleza kwamba mojawapo ya njia za maambukizi ilikuwa trapu za sakafu za mabafu zilizokauka. Wakazi walizoea kufuta sakafu kwa kitambaa badala ya kuimwagia maji, na feni za bafuni zikavuta hewa chafu kutoka kwenye mabomba.

Karibu na kwetu, tuangalie Makunduchi, Unguja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yaliyokuwa na mbu yalimwagiwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, na wakazi wakapewa dawa ya matende. Mbu walipungua sana. Kuna aina ya mbu anayependa kuzaliana katika mashimo ya maji machafu, naye hueneza matende na mabusha. Tundu lisilo na maji ni njia ya mbu huyo, na ya mende pia, hadi chumbani.

Tufanye nini?

1. Mimina maji lita 2 au 3 kwenye tundu, kisha funga mlango hadi kesho yake. Harufu ikiisha, basi trapu ilikuwa imekauka tu.

2. Rudia kila wiki. Najua maji yanabebwa kichwani, na si rahisi kumwambia mama ayamwage. Tumia maji ya mwisho ya kusuuzia nguo. Mlango huu hauhitaji maji ya kunywa.

3. Kama bafu litakaa zaidi ya mwezi, mimina maji kwanza, halafu ongeza vijiko 2 vya mafuta ya alizeti. Yataelea na kuyakinga maji yasikauke haraka. Msitumie mawese, maana baridi ya nyanda zetu huyagandisha na bomba linaweza kuziba.

4. Harufu ikibaki, inua kichujio, toa nywele na utando wa sabuni, kisha sugua kwa brashi na maji ya sabuni.

5. Harufu ikiendelea, mulika tundu kwa tochi mara baada ya kumimina maji. Usipoona maji yaking'aa, huenda trapu imepasuka au haikuwekwa kabisa. Hapo aitwe fundi. Mwambie unataka trapu inayobakiza maji ya kina kisichopungua sentimita 5.

6. Kama tundu la bafu linagugumia choo kinapomwagiwa maji, huenda bomba la hewa halipo au limeziba. Bomba hilo lipite juu ya paa na liwe na wavu mdomoni.

Tahadhari

Usimimine mafuta ya taa, wala usimulike tundu kwa kibiriti au koroboi, kwa kuwa hewa ya shimo inaweza kushika moto. Usichanganye dawa ya klorini na dawa nyingine ya choo. Mchanganyiko huo unaweza kutoa hewa ya sumu. Na mtu yeyote asishuke ndani ya shimo kutafuta chanzo cha harufu. Hewa ile inaua. Ikiwa nyingi hupoteza hata uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu hudhani hatari imeisha. Anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Ndugu zangu, familia imeweza kupoteza watu wawili au watatu kwa njia hiyo katika dakika chache.

Mwisho

Wanaojenga sasa, waulizeni mafundi kuhusu trapu kabla ya sakafu kumwagwa zege. Baadaye itabidi kuvunja. Na kwa nyumba za wageni za kanisa, ninashauri kazi ya kumimina maji iandikwe kwenye zamu za usafi za kila Jumamosi, kwa jina la mhusika. Kazi isiyo na mwenyewe haifanyiki.

Kumkaribisha mgeni ni ibada. Tumeshamtandikia kitanda na kumchinjia kuku. Tumwongezee jagi moja la maji pale kwenye tundu, kabla hajafika.