Diski ya Sauti ya Ubora wa Juu: Ujue Unacholipia

Mazungumzo kwa wakazi wa Binza, Mkoa wa Simiyu



Sauti ya manju mzee ikipotea hairudi. Kwa kuwa jambo hilo linajulikana, vikundi vya Bagika na Bagalu huweza kutozwa fedha nyingi ili nyimbo zao ziwekwe katika "diski ya ubora wa juu". Kabla ya kulipa, ulizeni rekodi ya asili ilichukuliwaje.

CD ya kawaida huhifadhi vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, kila kipimo biti 16. DVD-Audio hubeba biti 24 na vipimo 96,000, hata 192,000. Lakini wimbo uliokwisha kubanwa kuwa MP3 umepoteza sehemu ya sauti yake. Ukihamishiwa katika diski hiyo, kinachoongezeka ni ukubwa wa faili tu. Kibaba cha mtama hakiwi gunia kwa kutiwa ndani ya gunia.

Tena, deki nyingi za majumbani hazisomi DVD-Audio. DVD ya video, tuliyoizoea, yaweza kubeba sauti ya biti 24 na vipimo 96,000, kushoto na kulia. Diski ya gigabaiti 4.7 hutosha kwa saa mbili na dakika chache. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo itufaayo.

Kuhusu mfumo endeshi wa kompyuta, msikubali haraka kuambiwa kwamba lazima mnunue Windows mpya. Windows ina programu nyingi na mafundi wengi, ila leseni yake hulipiwa. Nakala ya bei ya kutupa isiyo na leseni huvunja sheria, na mara nyingi huja na virusi. Huduma ya kawaida ya Windows 10 nayo ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Linux, kama vile Ubuntu, hupatikana bure na huweza kufufua kompyuta kuukuu. Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, hufanya kazi katika mifumo yote miwili. Ndivyo ilivyo dvda-author, itengenezayo DVD-Audio, ingawa hiyo huendeshwa kwa amri za kuandika na itamchosha asiyezoea.

Fundi akimaliza, daini faili za asili za WAV au FLAC, si diski pekee. Diski za kuchoma huharibiwa na jua na mikwaruzo. Wekeni nakala mbili, katika nyumba mbili tofauti.

Risiti itaje idadi ya biti na vipimo mlivyoahidiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji; mkiuziwa MP3 iliyovishwa jina kubwa, ichukueni risiti hiyo pamoja na diski, mkalalamike Tume ya Ushindani.