Ushahidi wa Marejeo: Maombi ya Viza kwa Mtu wa Goma Akaaye Ugenini



Nimetakiwa niseme juu ya maombi ya viza, nami nimeona ni heri nisiseme juu ya viza kwa jumla, maana kwa jumla hakuna asiyejua kuwa ni kazi ya taabu na gharama, bali niseme juu ya hali moja makhsusi ambayo watu wa mji wetu wa Goma wanaijua kuliko watu wa miji mingi: hali ya mtu akaaye katika nchi isiyokuwa yake, ambaye kutoka katika ugeni huo anataka idhini ya kuingia katika nchi ya tatu. Mtu huyu ni mgeni mara mbili, kwa wenyeji aliofikia kwao na kwa wale anaotaka kuwazuru, na karatasi zinazomtosha Mkongomani aliyeketi Kinshasa, au Mganda aliyeketi Kampala, yeye hazimtoshi. Wana wa Goma wako leo Kampala, Nairobi, Kigali, Bujumbura na Dubai. Wako waliotangulia kwa masomo, wako waliofuata biashara ya vitenge na simu, na wako, tena wengi, waliokimbia risasi na nguo walizozivaa. Wote hao, siku wanapotaka kwenda kumwuguza ndugu Ubelgiji au kuhudhuria mkutano Ufaransa, hukutana na swali moja, nalo ndilo nitakalolishughulikia: utarudi wapi, na ni kipi kituonyeshacho kuwa utarudi?

Sisi tuliolelewa kando ya ziwa hili tulijifunza mpaka kwa nyayo zetu kabla ya kujifunza kwa kitabu. Alfajiri, pale mpakani Petite Barrière, mama huvuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, na beseni kichwani, karatasi yake ya kuvukia mkononi, na jioni hurejea na unga, mafuta au maziwa; na ile Jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliyoasisiwa Gisenyi penyewe tarehe 20 Septemba 1976, ilikuta mazoea hayo yamekwisha kuota mizizi, ilichofanya ni kuyapa karatasi tu. Hapana afisa amwulizaye mama huyo kama ana nia ya kurudi, kwa sababu marejeo yake yanaonekana kwa macho: watoto wake wako huku Goma, mtaani Birere, na chungu cha jioni hakijainjikwa. Lakini ubalozi hauna macho hayo. Afisa aliye nyuma ya kioo haijui Birere, hamjui mama, hakijui chungu, na sheria anayoifuata inamwamuru adhani kwanza kuwa mwombaji hatarudi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 inasema jambo hilo waziwazi, kwamba mwombaji wa viza ya matembezi huhesabiwa kuwa mhamiaji mpaka atakapomridhisha afisa kuwa siye. Na nchi za Ulaya zilizofungamana kwa mkataba uliotiwa sahihi tarehe 14 Juni 1985, penye kijiji cha Schengen katika Luxembourg, hazisemi kwa maneno hayo, walakini hufikia pale pale.

Sasa nije kwenye kanuni ambayo, kwa maoni yangu, imewaponza watu wetu kuliko nyingine zote, kwa kuwa wengi hawaijui hata baada ya kunyimwa. Sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya, ya tarehe 13 Julai 2009, inaagiza kuwa maombi yapelekwe kwa ubalozi wa mahali ambapo mwombaji anakaa kihalali. Haisemi mahali alipozaliwa, wala haisemi mahali ambapo pasipoti yake ilitolewa, inasema anapokaa. Mpita njia aliye mahali fulani kihalali bila ya kuwa mkaazi anaweza kupokelewa, lakini sharti aeleze kwa hoja kwa nini hakuomba kwao. Marekani nayo, mnamo Septemba 2025, ilitangaza kuwa waombaji wa viza za muda waombe katika nchi ya uraia wao au ya ukaazi wao. Fikirini basi hali ya mtu wa Goma. Kinshasa ni mbali naye kwa zaidi ya kilomita 1,500, na katikati hapana barabara moja iliyonyooka ya kumfikisha. Uwanja wa ndege wa hapa ulifungwa mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Kwa hiyo hushika njia ya Kampala au Nairobi, ambako tangu nchi yetu ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 11 Julai 2022, milango imelegea, na Kenya iliwaondolea Wakongomani viza mwaka 2023. Akifika huko hudhani kuwa kwa kuwa ameingia, amekwisha kuwa mkaazi. Kuingia si kukaa. Muhuri wa mpakani ni ruhusa ya kuwapo, na ukaazi ni hati nyingine, ina ada yake, ina ofisi yake, na ina siku yake ya kufa.

Jambo hili sikulisoma, lilinipata. Nilikaa Kampala miaka minne, kwanza kwa masomo, kisha kwa kazi, na katika mwaka wa tatu niliomba viza katika ubalozi mmoja wa Ulaya. Nilitengeneza faili langu kwa siku tatu, usiku. Juu kabisa niliweka cheti cha makazi kilichotolewa na komini ya Karisimbi hapa Goma, chini yake hati ya kiwanja cha marehemu baba, kisha barua ya mkuu wa kartye, yaani mtaa, yenye mihuri miwili, nikiamini kwamba kadiri nitakavyoionyesha mizizi yangu ya kwetu ndivyo nitakavyosadikiwa. Kibali changu cha ukaazi cha Uganda, kilichokuwa kimebakiwa na majuma sita, nilikitia nyuma, baada ya picha. Nilirudishiwa pasipoti pamoja na karatasi moja iliyopigwa chapa, yenye safu ya visanduku, na katika kimoja wameweka alama, mbele ya maneno yasemayo kuwa kuna shaka juu ya nia yangu ya kuondoka kabla ya viza kwisha. Niliisoma karatasi ile katika kibanda cha chai ng'ambo ya barabara mpaka chai ikapoa. Ndipo nikafahamu. Afisa wa Kampala aliniuliza kama nitarudi Kampala, nami nikamjibu kwa kumwonyesha Goma. Na kila karatasi ya Goma niliyoiongeza ilimthibitishia kuwa Kampala sina kitu kinachonivuta. Mara ya pili nilianza kwa kukiongeza kibali cha ukaazi, nikangoja mpaka kikatoka, nikakiweka juu, kikafuatwa na barua ya mwajiri, hati za mshahara za miezi sita na mkataba wa nyumba ya kupanga. Hati ya kiwanja cha baba niliiacha sandukuni. Nilipewa siku ishirini na moja.

Katika vitu vinavyotakiwa na wote sitakawia, kwani vimeandikwa milangoni mwa balozi. Kwa nchi za Schengen ada ni yuro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024, wala hairudishwi mwombaji akinyimwa. Maombi huanza kupokelewa miezi sita kabla ya safari na hayatakiwi kuchelewa mpaka zikabaki chini ya siku 15. Bima ya safari sharti ifikie yuro 30,000. Pasipoti isiwe imezidi miaka kumi tangu kutolewa, iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka, na kurasa mbili tupu. Lililo zito ni taarifa ya benki. Afisa haangalii jumla iliyo chini ya karatasi. Huangalia mwendo wa fedha, zinavyoingia mwezi kwa mwezi na zinavyotoka, na mtu aliyekopa dola elfu tatu kwa shemeji akazitia katika akaunti siku nne kabla ya maombi hujifunga mwenyewe, kwa sababu fedha ile imesimama peke yake kama mgeni asiyejuana na mtu.

Na hapa ndipo msiba wa mji wetu unapoonekana wazi. Wenzetu wa miji mingine huombwa karatasi, wakafungua kabati wakazitoa. Sisi, tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulishusha moto uliopita katikati ya mji mpaka ziwani, na nyumba zilizoungua ziliungua na vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya shule. Tarehe 22 Mei 2021 ukashusha tena, na siku chache baadaye maelfu wakaamriwa kuhama, kila mmoja na alichoweza kubeba. Januari 2025 benki za mji zilifunga milango, na mfanyabiashara mwaminifu mwenye mauzo ya kila siku akawa hana pa kuomba taarifa ya akaunti ya miezi mitatu. Lau afisa angeyajua haya, huenda angehukumu kwa namna nyingine. Lakini hawezi kuyajua kama hakuambiwa. Nawasihi basi, asiyekuwa na karatasi asinyamaze. Aandike barua ya ukurasa mmoja, aeleze kwa tarehe na kwa mahali kilichopotea na kilichokipoteza, na aweke badala yake kinachopatikana: hukumu ya mahakama ya kufidia cheti cha kuzaliwa, ile wanasheria wetu waiitayo jugement supplétif, au kumbukumbu za malipo ya simu, au vitabu vya ushirika. Kimya katika faili husomeka kama hila, ilhali maelezo ya kweli husomeka kama maelezo.

Wale waliopokewa kama wakimbizi Uganda au Kenya wana hatari yao ya peke yake, nami naomba wanisikilize kwa makini. Mkataba wa mwaka 1951 juu ya wakimbizi, katika kifungu chake cha 28, unaziagiza serikali ziwape wakimbizi wakaao kwao kihalali hati ya kusafiria. Lakini mkataba huo huo, katika kifungu cha kwanza, unasema kuwa mtu aliyerudi kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi ya uraia wake aweza kuhesabiwa kuwa si mkimbizi tena. Mkimbizi akienda katika ubalozi wetu kutengeneza pasipoti mpya ya Kongo, kwa kuwa viza itakuwa rahisi zaidi nayo, aweza kuwa ametia sahihi mwisho wa himaya yake bila ya kujua. Asifanye hivyo kabla ya kuuliza wakili au shirika linalowahudumia wakimbizi.

Iko pia viza ambayo ukaazi wa ugenini haukusaidii kuiepuka. Kongo yetu ni moja katika nchi kumi na mbili ambazo raia wake, kwa sheria ile ya 2009, hutakiwa viza hata ya kupita katika uwanja wa ndege wowote wa Schengen bila ya kutoka nje ya jengo. Anayekwenda Brazili kwa kubadilisha ndege Frankfurt, hata awe mkaazi wa Nairobi wa miaka kumi, atazuiwa Nairobi asipokuwa nayo, isipokuwa kama ana viza au ukaazi wa nchi chache zilizotajwa, kama vile Marekani, Kanada na Japani. Tiketi ya rahisi imewagharimu wengi safari nzima.

Kwa kulinganisha, nimewatazama Wafilipino, kwa sababu taifa lao limetawanyika duniani kama letu, tena zaidi. Muuguzi Mfilipino aliyeko Dubai, atakapo kuzuru Paris, naye huomba kutoka ugenini kwa kanuni hii hii. Lakini yeye aliondoka kwao na mkataba wa kazi uliokwisha kukaguliwa na serikali yake, ambayo imekuwa na idara ya wafanyakazi wa ng'ambo tangu mwaka 1982 na sasa ina wizara kamili kwa sheria ya mwaka 2021, na kwa hivyo faili lake lilianza kuandikwa kabla hajapanda ndege. Sisemi kuwa Wafilipino hawanyimwi viza, kwani hunyimwa. Nasema kuwa taifa lao liliona mapema kwamba mtu aliye nje anahitaji karatasi zinazomfuata, na sisi bado tunamwacha kila mtu aokoteze zake.

Katika pengo hilo ndimo madalali walimoingia. Wanauza barua za kazi za kampuni zisizokuwapo, taarifa za benki zenye nembo nzuri, na mialiko kutoka kwa watu waliokwisha kufa. Alama za vidole vya mwombaji wa Schengen hutunzwa miaka mitano, na hati ya uongo ikigunduliwa humfuata katika kila ubalozi wa nchi hizo. Waliodanganywa ni ndugu zetu, si wahalifu, na wengi wao wangepata viza kwa karatasi zao halisi kama mtu mmoja angekaa nao nusu saa akawapangia. Anayenyimwa, basi, aisome sababu iliyotiwa alama, kwani sheria ile ya 2009 inamlazimu afisa kuitaja na inampa mwombaji haki ya kukata rufani. Naye asirudishe maombi yale yale wiki ifuatayo akitumaini afisa mwingine.

Nawaomba wenye dhamana katika balozi zetu za Kampala na Nairobi waifanye kadi ya kibalozi ipatikane kwa siku chache na kwa bei ambayo mwanafunzi anaiweza, maana kwa wengi ndiyo hati pekee inayosema kwa lugha ya serikali kuwa Mkongomani huyu anakaa hapa na anajulikana. Nawe kijana utakayevuka mwezi ujao kwenda kukaa Kampala, juma lako la kwanza uulize ilipo ofisi ya vibali vya ukaazi, na kila karatasi utakayopewa huko, hata risiti ya kodi ya nyumba, uitunze.