Korona Haiishii Mapafuni

Leo nianze na kisa changu mwenyewe.

Mwaka 2021 nilikuwa chuo kikuu. Nikaugua UVIKO-19, yaani korona. Homa siku tatu, kikohozi wiki moja, basi. Nikajiona nimepona. Jioni moja nimeinjika maharage uani, nikakaa karibu na jiko najisomea, nimeligeuzia mgongo. Mara jirani akapiga kelele: "Wewe dada, maharage yanaungua!" Kugeuka, sufuria jeusi tii. Pua yangu haikusikia chochote!

Unacheka? Hata mimi nilicheka. Kilichofuata hakikuchekesha. Kwa zaidi ya miezi mitatu nilikuwa nikipanda ngazi, moyo unadunda kama nimefukuzwa na mbwa. Naamka asubuhi nimechoka kuliko nilivyolala. Wenzangu wakaniita mvivu. Ubaya ni kwamba na mimi nikaanza kuamini.

Kwani korona si ugonjwa wa mapafu?

Ni kweli, kirusi huingia kwa njia ya hewa, na mapafu huweza kuumia sana. Lakini ili kirusi kiingie kwenye seli, lazima kipate mlango. Mlango wake ni protini iitwayo ACE2. Sasa sikiliza: milango hiyo haipo kwenye mapafu tu. Ipo puani, kwenye moyo, figo, utumbo na mishipa ya damu.

Halafu kuna jambo la pili. Umeshafundishwa kwamba kinga ya mwili ni kama askari. Askari hao wakipambana na kirusi kwa hasira kupita kiasi, huweza kuumiza hata raia wema, yaani viungo vyako mwenyewe. Ndiyo maana:

Pua: Seli zinazotunza mishipa ya fahamu ya kunusa huumia, harufu ikapotea. Kwa wengi hurudi baada ya wiki chache.

Damu: Ngozi laini ya ndani ya mishipa huvimba, damu ikaganda. Bonge la damu likiziba mshipa wa ubongo, mtu hupata kiharusi.

Moyo: Misuli yake huweza kuvimba. Kwa vijana hutokea mara chache, lakini ukikimbilia mpirani wakati moyo umevimba, unahatarisha maisha.

Figo na tumbo: Wagonjwa mahututi huweza kuharibikiwa figo. Wengine huharisha na kutapika.

Watoto na vijana wachache sana hupata homa kali wiki 2 hadi 6 baada ya kuambukizwa, macho mekundu, vipele na maumivu ya tumbo. Hali hiyo ilitangazwa Uingereza Aprili 2020. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali.

Je, na mimi nitapatwa na yote haya?

Hapana, usiogope. Vijana wengi hupona kabisa. Ila wapo wanaobaki na uchovu, kusahausahau au kukosa pumzi. Shirika la Afya Duniani liliipa hali hiyo maelezo rasmi Oktoba 2021: dalili zinazokuwapo miezi 3 baada ya kuugua, zikadumu angalau miezi 2, na hazielezwi na ugonjwa mwingine. Mei 2023 Shirika hilohilo lilitangaza kwamba dharura imekwisha. Dharura ndiyo iliyokwisha, kirusi bado kipo.

Sasa ufanye nini?

Ukiumwa, pumzika. Rudi michezoni polepole: tembea kwanza, kisha kimbia kidogo. Kifua kikiuma au moyo ukienda mbio ovyo, acha na umwone daktari.

Nenda hospitali mara moja ukizimia, ukikosa pumzi umekaa tu, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au upande mmoja wa uso au mwili ukilegea ghafla.

Uchovu usioisha usiuite korona kwa kubahatisha. Huenda ni malaria au upungufu wa damu. Kapime.

Fungua madirisha ya bweni na darasa. Ukiwa na kikohozi vaa barakoa. Chanjo nayo hupunguza hatari ya kuugua sana.

La mwisho, wadogo zangu. Mimi nilikaa kimya kwa kuona aibu, hadi rafiki mmoja aliposema, "Wewe si mvivu, wewe unaumwa. Twende zahanati." Tulikwenda. Nilipimwa, nikaelekezwa namna ya kugawa kazi na mapumziko, na taratibu nguvu zikarudi. Hata harufu ya maharage nasikia!

Darasani kwenu huenda yupo anayesinzia, aliyeacha mpira, aliyeshuka masomo tangu augue. Kabla hujamcheka, muulize: "Unajisikiaje?" Kisha msindikize kwa mwalimu wa afya, matroni au zahanati. Pengine wewe ndiye utakuwa rafiki yule.