Moto Uliomo Katika Makapi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tuliombwa tuseme juu ya gesi, mafuta na umeme utokanao na miti na mazao ya shamba. Habari hii ni pana, kwa hiyo tumeona heri tuzungumze juu ya mahali patatu tu katika Tanzania, yaani Hale, Njombe na Kisarawe. Pawili palipata moto wake, na pa tatu pakabaki vichaka. Sababu yake yatugusa sisi makarani kuliko tudhanivyo.

Tuanze na Hale, katika Mkoa wa Tanga. Wengi wenu mwajua kwamba mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani, Dakta Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyotoka Florida ni 62 tu iliyofika hai, na hiyo ndiyo mama wa mashamba yote. Lakini si kila mtu ajuaye kwamba jani la mkonge, likipita katika korona, hutoa singa kiasi cha sehemu nne hivi kwa mia. Sehemu zilizosalia ni maji na nyama ya jani, nazo kwa miaka mingi zilimwagwa mabondeni na mitoni zikaoza na kunuka. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Katani, kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ilijenga pale Hale mtambo wa kuyatia makapi hayo katika matangi yasiyoingia hewa. Humo vijidudu visivyoonekana kwa macho huyala makapi na kutoa gesi iwakayo. Gesi huendesha injini, na injini huzalisha umeme. Mtambo ule wa kwanza ulikuwa wa kilowati 150, nao ulijengwa kwa ajili ya kujaribia. Yanayosalia katika matangi hufaa kurudishwa shambani kuwa mbolea.

Njombe habari yake ni ya kuni. Kampuni ya miwati iliyoanzishwa huko mwaka 1949 ilipanda miti kwa ajili ya magome, kwani magome ya mwati hutoa dawa ya kulainishia ngozi. Gome likisha kubanduliwa, gogo labaki. Tangu mwaka 1995 magogo na mabaki ya namna hiyo yalitiwa katika boila, na mvuke wake ukaendesha mtambo wa megawati 2.5, ukiwasha kiwanda chenyewe na umeme mwingine ukiuzwa kwa TANESCO.

Angalieni basi, ndugu zetu. Hapana aliyepanda mkonge ili apate gesi, wala mwati ili apate umeme. Makapi yalikuwa yamekwisha kufika mlangoni kwa gharama ya kazi nyingine. Hili ni jambo kubwa, maana adui wa kuni ni safari. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji, na mwenye lori hulipia kuyachukua maji hayo, kisha moto nao hupoteza nguvu zake kuyachemsha. Hata kuni kavu, yahitajika kilo mbili na nusu hivi kupata joto la kilo moja ya dizeli. Mtu akituambia kwamba atakusanya mabua ya wilaya nzima ayapeleke kiwandani, tumwulize kwanza bei ya lori. Tena tumwulize ng'ombe watakula nini. Kwa maana neno “makapi” hutamkwa upesi sana na watu wasiolima. Bua la mhindi ni malisho, na likilazwa shambani ni rutuba. Vumbi la mbao lililorundikana nyuma ya kiwanda cha kupasulia magogo, hilo kweli ni makapi.

Sasa Kisarawe. Kampuni moja kutoka Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji ili ipande mbono kaburi, mmea ambao wazee wetu waliupanda makaburini na penye mipaka, nao wala hawakuutazamia faida. Ilisemwa kwamba mbegu zake zitatoa mafuta ya kuendeshea magari, na kwamba mmea huota hata kwenye ardhi kavu. Kuota huota, ila kuzaa kwa wingi bila mvua wala mbolea ni neno jingine. Mwaka 2011 kazi ilisimama, na mamia ya watu wakapoteza ajira.

Hasara ya mtaji ni ya mwenye mtaji. Hasara ya wanakijiji ilikuwa namna nyingine, nayo ilipita katika karatasi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haipewi mwekezaji wa kigeni mpaka kwanza igeuzwe kuwa ardhi ya jumla. Ikisha kugeuzwa, hairudi yenyewe kijijini ati kwa sababu kampuni imeondoka. Mzee aliyeinua mkono katika mkutano akidhani anakodisha, amekwisha kutoa.

Na ni nani aliyeandika muhtasari wa mkutano ule? Karani. Hatusemi juu ya Kisarawe hapa, kwani hatukuwapo. Twasema juu ya tuliyoyaona wenyewe katika ofisi moja ambayo hatutaitaja: mkutano wa saa nne ukaandikwa kwa mistari mitatu, maswali ya akina mama juu ya kisima yasiwemo, na hesabu ya waliohudhuria ikajazwa siku ya pili. Sisi tulikuwamo katika ofisi hiyo, nasi tulinyamaza. Kwa hiyo hatuwezi kuwanyoshea wengine kidole.

Nchi inataka nishati. Nyumba nyingi za Tanzania zingali zapika kwa kuni na mkaa, na mkakati uliotangazwa mwaka 2024 wataka watu 80 katika 100 wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Wataalamu na wenye fedha watakuja tena wilayani, wengine wakiwa na mashauri mazuri. Twaomba basi kila tawi lianze daftari moja: viwanda gani vya mbao, mpunga, miwa na mkonge vimo katika wilaya yake, kila kimoja chatupa makapi ya uzito gani kwa mwezi, na nani ayatumia sasa. Uzito na upimwe kwa mzani, usikadiriwe kwa macho. Na panapoombwa ardhi, muhtasari uandikwe kwa ukamilifu, usomwe mbele ya mkutano ule ule kabla watu hawajatawanyika, na neno “kugeuzwa” lielezwe kwa Kiswahili kila mtu ajuacho.

Bwana Mwenyekiti, twaishia hapa ili ipatikane nafasi ya maswali.