Notisi ya Kuhama: Muda Uhesabiwe, Karatasi Ishuhudie

(Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa mkutano wa hadhara wa wakazi wa kata)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linalozigusa nyumba nyingi za kata yetu, nalo ni namna ya kuhitimisha upangaji wa nyumba ya kuishi.

Mpangaji anayeambiwa "kesho uhame" huwa na watoto walioandikishwa shule ya jirani, vyombo visivyo na pa kuwekwa, na pengine hana fedha ya kulipa kodi ya miezi sita kwingine kwa mkupuo. Naye mwenye nyumba anayeamka akakuta mpangaji ameondoka usiku na ufunguo, huku ankara ya maji haijalipwa, hupoteza pato analolitegemea. Notisi imewekwa ili kila upande upate muda wa kujipanga.

Jambo la kwanza ni kuusoma mkataba. Ukitaja siku ya mwisho, upangaji hukoma siku hiyo. Ukitaja muda wa notisi, muda huo ufuatwe. Hata hivyo, wengi wetu tumepangishana kwa mdomo, na wapo wanaodhani kuwa pasipo karatasi hapana haki. Dhana hiyo si sahihi. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inautambua upangaji usio na maandishi kuwa upangaji wa vipindi, na kipindi chenyewe hufuata jinsi kodi inavyolipwa. Hali ni hiyo hiyo kwa mpangaji ambaye mkataba wake umekwisha, lakini anaendelea kukaa kwa ridhaa ya mwenye nyumba.

Upangaji wa vipindi unaweza kusitishwa na upande wowote kwa masharti mawili. Kwanza, notisi isipungue kipindi kimoja cha upangaji. Pili, muda wake uishie katika siku ya kulipa kodi.

Tuchukue mfano. Mpangaji hulipa kodi kila tarehe 1 ya mwezi, naye anapewa notisi tarehe 10 Machi. Mwezi mmoja hutimia tarehe 10 Aprili, lakini hiyo si siku ya kodi. Kwa hiyo notisi itaishia tarehe 1 Mei. Anayelipa kila miezi mitatu, yaani tarehe 1 Januari, 1 Aprili, 1 Julai na 1 Oktoba, akipewa notisi tarehe 15 Februari, miezi mitatu itatimia tarehe 15 Mei, na siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Julai. Hesabu hii inamhusu pia mpangaji anayetaka kuondoka kwa hiari yake.

Ndugu wananchi, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nawasihi notisi iandikwe, hata kama mmeishi kama ndugu. Itaje jina la anayeitoa na la anayepewa, nyumba au chumba kinachohusika, tarehe ya kutolewa na tarehe ya kuhama, kisha itiwe saini. Ziwe nakala mbili, na anayepokea asaini ile inayobaki kwa mtoaji. Akikataa kusaini, ikabidhiwe mbele ya shahidi anayeaminika, kama vile mwenyekiti wa eneo lenu. Maneno yaliyosemwa barazani jioni hubishaniwa asubuhi. Karatasi yenye tarehe haibishaniwi kwa urahisi.

Je, muda ukiisha na mpangaji hajahama? Au mwenye nyumba akimtoa mtu kabla ya muda? Hapa ndipo hasira huzaa hasara. Kuezua mabati, kubadilisha kufuli au kutupa vyombo nje ni kujichukulia sheria mkononi, hata pale ambapo kodi inadaiwa. Mwenye haki anaweza kujikuta mdaiwa.

Njia iliyo wazi ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza hilo halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi na nyumba; kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, mlalamikaji hupeleka shauri lake katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lina mamlaka ya kuamua. Unapokwenda Baraza la Kata, chukua mkataba kama upo, stakabadhi za kodi na nakala ya notisi. Asiye na stakabadhi aanze leo kuzidai kila anapolipa, na mwenye nyumba asione taabu kuziandika, kwa kuwa zinamlinda yeye pia.

Nimalizie kwa ombi moja. Kabla ya kuandika notisi, zungumzeni. Mwenye nyumba akieleza mapema kwamba mwanawe anarudi na atahitaji chumba, mpangaji anaweza kutafuta pengine kabla ya muhula wa shule kuanza. Mazungumzo yakishafika mwisho, yaandikwe, na siku zihesabiwe sawasawa.