Wepesi wa Kuvunjika: Obsidiani na Kazi Inayotangulia Pigo



Ipo hoja moja ambayo haikosi kujitokeza kwenye makongamano yetu, na kadiri ninavyoisikia ndivyo inavyozidi kunikera. Inasema hivi: obsidiani huvunjika kwa wepesi, kwa hiyo huchongeka kwa wepesi. Mpe yeyote bonge la kioo hicho cha volkano na kokoto la kupigia, naye atakutolea kisu. Kutokana na hapo huja hitimisho kwamba zana nzuri za Bonde la Ufa ni ushahidi wa jiolojia tu, wala si wa ufundi. Watu walibahatika kuishi karibu na Eburru na Naivasha, basi. Wanaoishikilia hoja hii ni wasomi wazuri, na nusu yake ya kwanza ni kweli. Sehemu kubwa ya jioni hii nitaitumia kuibomoa nusu ya pili.

Kwenye jiolojia yenyewe sitakawia. Lava yenye silika nyingi ikipoa upesi, kabla fuwele hazijapata nafasi ya kukua, hubaki kioo. Haina chembe za kuupotosha ufa, hivyo ufa hufuata nguvu ilikoutuma na kuacha uso laini wenye mawimbi. Makali yake huushinda wembe wa chuma. Mengine muulizeni mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili.

Sasa tuipime hoja. Kitu kinachovunjika kwa nguvu ndogo huvunjika pia kwa nguvu usiyoikusudia, na hapo ndipo wenzangu wanapopita haraka. Ukingo mwembamba wa obsidiani ukipigwa kabla ya kutayarishwa husagika palepale. Nguvu ya nyundo huishia kwenye unga. Ufa huingia kidogo, hukatika, na kuacha ngazi juu ya uso wa jiwe. Ngazi hiyo itakizuia kila kibanzi kitakachofuata njia ileile. Ukitumia nyundo ngumu mno, unapanda nyufa ndogo ndani ya jiwe ambazo huzioni mpaka pigo la tatu au la nne. Na kipande kirefu chembamba kisipoegemezwa vizuri pajani, ukikipiga nchani mtikisiko hukikata katikati, mbali kabisa na mahali nyundo ilipogusa. Gumegume huvumilia mengi ya haya. Kwa hiyo ni kweli kwamba obsidiani haihitaji misuli, ila ikikosewa haisamehe.

Basi fundi hufanya nini? Husugua. Huchukua jiwe la mparuzo, la mchanga kwa mfano, akaukwaruza ukingo mpaka makali yake yafe. Asiyeijua kazi hushangaa kumwona mtu anayetafuta makali akiyaua makali kwanza. Lakini ukingo uliosuguliwa hulibeba pigo bila kusagika, na nguvu yote huenda kwenye ufa. Fundi hukagua pia pembe kati ya uso unaopigwa na uso unaobanduliwa, kwa sababu ikifika digrii 90 hakuna kibanzi kitakachotoka vizuri. Huondoa vijivimbe, hugeuza jiwe, husugua tena. Nyundo huja mwisho kabisa, na tendo lake ni fupi kuliko yote yaliyotangulia.

Wapinzani wangu wana ushahidi wao mkubwa, nami sitaukwepa. Huko Melka Kunture, kusini mwa Addis Ababa, mahali paitwapo Simbiro, pamechimbuliwa karakana ya mashoka ya mkono yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 1.2. Taarifa yake ilitoka mwaka 2023. Karibu zana zote ni za obsidiani, na zinafanana kwa namna ya kushangaza. Tazameni, wanasema: mto ulileta mabonge ya kioo, watu wakawa mafundi.

Lakini obsidiani ya Melka Kunture haikuanza kutumiwa siku hiyo. Katika matabaka ya chini zaidi ya eneo hilohilo, ya takriban miaka milioni 1.7 iliyopita, watu walikwisha kuivunja na kupata vibanzi vya kawaida visivyo na umbo la kupangwa. Jiwe lilikuwapo, likajulikana, likatumiwa kwa karibu nusu milioni ya miaka kabla ya karakana ya Simbiro. Ikiwa jiwe ndilo lililomfanya fundi, lilikuwa likingoja nini muda wote huo?

Twende Kariandusi, karibu na Gilgil, ambako Louis Leakey alichimba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Hapo mashoka ya mkono ya lava na ya obsidiani yamepatikana mahali pamoja. Ya obsidiani kwa kawaida ni madogo zaidi. Yale makubwa yalitengenezwa kwa lava. Waliokuwa wakichonga hapo walijua kila jiwe linataka nini, wakachagua. Na kule Olorgesailie, zaidi ya miaka 300,000 iliyopita, obsidiani ililetwa kutoka umbali wa kilometa 25 hadi 95. Baadaye ilifika hata kwenye mapango ya Nasera na Mumba, kaskazini mwa Tanzania, zaidi ya kilometa 200 kutoka Naivasha. Tunalijua hilo kwa sababu Harry Merrick na Frank Brown walianza, katika makala yao ya mwaka 1984, kulinganisha kemia ya vipande na kemia ya vyanzo vyake. Umbali huo nao ni hoja. Jiwe lililobebwa hivyo hapewi mtu yeyote alibamize kwa kokoto.

Niruhusuni sasa niondoke Afrika kidogo, kwa sababu shahidi wangu nimpendaye kuliko wote ni mtawa wa Kifransisko wa Mexico. Juan de Torquemada alichapisha *Monarquía Indiana* mwaka 1615. Mengi aliyachota kwa watangulizi wake, nami hilo halinisumbui. Aliyeyaandika mara ya kwanza, awe nani, alimkaribia fundi akaitazama mikono yake, na muhimu zaidi, akaitazama miguu yake. Anaeleza kwamba fundi huketi chini. Jiwe jeusi, refu kama shubiri moja au zaidi na nene kama mguu wa mtu, hulibana kati ya nyayo zake. Hushika kwa mikono miwili fimbo ndefu ya dhiraa tatu au zaidi, yenye kipande cha mti kilichofungwa nchani, akaiegemeza kwenye ukingo wa jiwe na kusukuma. Kisu huruka kikiwa na ncha na makali pande zote mbili, kwa urahisi wa mtu anayemenya tanipu. Kwa muda mfupi hupatikana visu zaidi ya 20.

Nimeusoma ukurasa huo tangu nikiwa mwanafunzi na bado sijauchoka. Hakuna pigo hata moja ndani yake! Katika karne ya ishirini Don Crabtree wa Idaho, ambaye wachonga mawe wengi wa leo ni wanafunzi wa wanafunzi wake, alijaribu kuirudia kazi hiyo. Alilibana jiwe kwenye kibanio, akasimama, akasukuma kwa gongo aliloliegemeza kifuani. Akafaulu, na makala yake ya mwaka 1968 ikawafanya wengi waamini kwamba fundi wa Mexico alisimama pia. Ndipo mwaka 1982 John Clark akarudi kwenye maandishi ya Wahispania, akaketi chini, akalibana jiwe kwa miguu, na visu vikatoka. Mtawa alikuwa ameona sawasawa. Lakini mtazamaji anayefika jiwe likiwa tayari huuona urahisi tu. Katika karne za mwisho kabla ya Wahispania kufika, uso wa juu wa mawe hayo ulikuwa umesagwa mpaka ukawa na mparuzo, ili ncha ya fimbo isiteleze. Kusaga huko kulikula muda mrefu kuliko kubandua visu vyenyewe, na hakuna tanipu inayohitaji kusagwa kabla ya kumenywa.

Turudi Afrika. Wakati mmoja, karibu na Gilgil, nilimpa mzee mmoja mchinja mbuzi kisu cha obsidiani cha urefu wa kidole. Alichuna ngozi nusu nzima bila kusema neno. Alipofika kwenye goti la mbuzi alinirudishia, akachukua panga lake. “Mwalimu,” akasema, “hiki ni cha nyama, si cha mfupa.” Nilimwomba ajaribu hata hivyo. Alijaribu kwa hisani tu, na makali yakamomonyoka mara moja. Wafugaji wa utamaduni wa Elmenteita, waliochimba obsidiani kwenye miteremko ya Eburru miaka ipatayo 3,000 iliyopita na kuipeleka hadi magharibi ya Kenya, bila shaka walilijua hilo. Visu vyao virefu vya makali mawili ni vya watu wenye mifugo ya kuchuna.

Nawapa wapinzani wangu haki yao. Mikono ileile itapata vibanzi virefu zaidi kwenye obsidiani kuliko kwenye kwatzi. Hilo halina ubishi. Pia si kila ukingo uliochakaa ulisuguliwa na mtu. Mto husugua, kwato husugua, hata mfuko wa msafiri husugua. Na mchonga mashoka wa kale aliyepiga ndani kabisa ya jiwe, mbali na ukingo, huenda hakuhitaji kusugua chochote. Nimeyapima haya kwa uaminifu nilio nao. Bado naamini kwamba jiwe la kusugulia lilikuwa mkononi mapema sana kuliko vitabu vyetu vinavyokubali, na kwamba hatujaliona kwa sababu linafanana na kokoto lolote na huishia kwenye rundo la takataka za mchimbaji.

Njia ya kunikosoa ipo, na ni ya bei nafuu. Mkwaruzo wa mto huenea kila mahali. Wa fundi hukaa kwenye ukanda mwembamba tu, palepale juu ya kitako cha kibanzi, yaani mahali pigo lilipotua. Lenzi ya kukuza mara kumi inatosha. Kwa hiyo wanafunzi wangu, mkipewa ruhusa ya kuingia ghala la makumbusho, msianze na zile zana nzuri ambazo zimekwisha kuchorwa na kupimwa. Ombeni trei za vibanzi visivyo na umbo, vilivyoandikwa “mabaki,” na mkague vitako kabla ya kupima urefu.