Subira ya Mtazamaji: Filamu ya Polepole na Maana ya Kutazama



Kiswahili hutofautisha kuona na kutazama. Kuona humpata hata asiyekusudia. Kutazama ni kazi inayodai nia na muda. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa swali la mhadhara huu: filamu inapokwenda polepole mno, anayepimwa ni nani, mtazamaji au mtengenezaji?

Swali hili lina historia nchini Tanzania. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulikuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Viongozi wake, L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, walitengeneza filamu 35 kuhusu kilimo, afya, akiba na mengineyo. Zilizungushwa kwa lori Afrika Mashariki na Kati, na maelezo yake yakitolewa kwa santuri. Miongoni mwa chache zilizosalia imo inayohusu mashamba ya Kingolwira, katika Mkoa wa Morogoro, mkoa uleule ilimo Zombo ya Kilosa.

Mwaka 1939 Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni chini ya William Sellers. Kwake yeye, mtazamaji wa Kiafrika alihitaji picha ndefu, tendo moja kwa wakati mmoja, bila mbinu za kamera na bila kuruka kutoka mahali hadi mahali. Kwa hiyo upolepole haukuwa chaguo la kisanaa, bali hukumu juu ya akili ya mtazamaji.

Hukumu hiyo ilikuwa na kasoro. Jumba la sinema la Royal lilifunguliwa Unguja mwaka 1921, na watu wa mwambao walikwisha kuzoea filamu za mwendo wa kasi kabla ya lori la Vugiri kuanza safari. Katika miaka ya 1950, filamu ya Kihindi Awaara, ya mwaka 1951, iliwavutia hata wasiojua Kihindi, ingawa huchukua takriban saa tatu. Waliielewa kwa sababu ilikuwa na jambo la kuwashughulisha.

Wala mtu wa shamba hakukosa ujuzi wa kutazama. Mkulima wa bonde la Kilosa anayeamia ndege mpunga unapokomaa hukaa tangu alfajiri akilikabili shamba ambalo, kwa mgeni, halina kinachotokea. Kwake yeye kila mtikisiko wa suke una maana. Subira yake haitokani na uzito wa akili. Inatokana na kujua anachokitafuta.

Hapa ndipo filamu ya polepole ya kisanaa inapotengana na ile ya kikoloni. Mwaka 1975 Chantal Akerman wa Ubelgiji alitoa Jeanne Dielman, filamu ya zaidi ya saa tatu inayomfuata mwanamke mjane akipika, akifua vyombo na kumenya viazi. Baadhi ya watazamaji huchoka. Lakini anayevumilia huujua utaratibu wa nyumba ile kiasi kwamba viazi vinapopikwa kupita kiasi hushtuka, ingawa hakuna sauti inayomwambia ashtuke. Akerman alimwachia mtazamaji kazi ya kugundua; santuri ya Vugiri ilimwambia la kufikiri.

Kwa kuwa filamu zote mbili huenda polepole, mwendo peke yake hauwezi kuwa kipimo. Kipimo ni imani aliyonayo mtengenezaji kwa mtazamaji wake. Mtambaji wa hadithi alilijua hilo zamani: kabla ya kuanza huwaita wasikilizaji, naye haendelei mpaka waitikie. Anayeomba subira ya watu hupaswa kwanza kuiheshimu akili yao.

Hivyo basi, wahakiki na walimu wa Kiswahili wanapoizungumzia filamu inayochosha, wasiishie kuuliza imechukua saa ngapi. Waulize imemwachia mtazamaji jambo gani la kutafuta. Subira huvuta heri pale tu ambapo heri yenyewe ipo.